Hotuba juu ya Haki ya Maji, Toka Milima ya Umatengo hata Mwambao wa Nyasa



Katika miaka 10 ya Chama chetu Kikuu tumesema mengi juu ya bei ya kahawa. Leo twaomba kusema juu ya maji.

Nchi yetu si jangwa, lakini milima yake ina mteremko mkali. Wazee wetu waliojihifadhi milimani katika karne ya 19, wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, walitambua kwamba maji yasiyozuiwa huondoka na udongo. Ndiyo maana ya ngolo. Masika yakaribiapo kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba. Wanawake huchimba katikati, huzifunika kwa udongo, na kupanda maharage juu ya matuta. Msimu ufuatao hupandwa mahindi. Kila shimo huipokea mvua yake, nayo huzama taratibu ardhini.

Ardhi nayo iligawanywa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili. Hivyo, aliyepata shamba alijua pia kijito chake na jirani wa ng’ambo.

Sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote ya Tanzania Bara mikononi mwa Jamhuri. Ile ya mwaka 2009 ikazitambua haki za kimila kuwa na hadhi sawa na haki za kibali. Lakini hakuna haki pasipo wajibu. Maji tunayomenyea na kuoshea kahawa yakirudishwa kijitoni pamoja na utelezi wake, hunuka, huua samaki, na kumnyima wa bondeni maji ya kunywa. Vijito vingi vyetu huishia Ziwa Nyasa, na wavuvi na wakulima wa mpunga wa mwambao ni ndugu zetu. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga, mito haikutengwa.

Kwa hiyo twaleta mambo matatu. Kila chama cha msingi chenye mtambo wa kumenya kahawa kichimbe mashimo ya maji machafu. Tuziheshimu mita 60 za kando ya mto, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Tena, jumuiya za watumia maji ziwakalishe pamoja watu wa mlimani na wa ziwani, kabla ya kiangazi kuleta ugomvi.

Ushirika uliotuunganisha katika mizani ya kahawa hauna budi kutuunganisha katika maji.