Karatasi ya Udongo Tuisome Kuanzia Wapi?

(Mada iliyotolewa na mratibu wa mradi kwenye semina ya vikundi vya wakulima wa maboga na mboga, Lushoto)

 

Katika semina iliyopita niliwaonyesha picha ya boga la Marekani, mkacheka na kusema limechorwa. Halikuchorwa. Mwaka 2023 Travis Gienger, mkulima wa jimbo la Minnesota, alishinda huko California kwa boga la kilo 1,247. Mwaka 2025 mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walimpita kwa boga la kilo 1,278.8. Huo ni uzito wa gari dogo zima. Sisi hatutafuti boga la namna hiyo. Tunataka boga tamu la kula na kuuza, majani ya mboga na mbegu za kukaanga. Lakini lipo jambo la kujifunza kwa watu hao. Hawaongezi mbolea kwa kukisia. Hupima udongo, na wengi wao hufanya hivyo mara baada ya mavuno, ili wapate miezi ya kuurekebisha kabla ya kupanda tena.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha vijana kilipanda maboga misimu mitatu. Matunda yalibaki madogo na majani yalififia. Kila msimu niliwashauri wanunue DAP, na fedha walikopa kwenye mfuko wao wa kuweka na kukopa. Hatimaye tukapima udongo. Karatasi ilipofika niliona fosforasi iko chini, nikawaambia waongeze DAP tena. Afisa kilimo mmoja alinisimamisha. Akaniuliza, "Mratibu, mstari wa juu umeusoma?" Mstari wa juu ulisema pH 4.7. Vijana wale walikuwa bado wanalipa deni la mbolea ambayo udongo wao ulikuwa unaifunga.

Hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo: karatasi ya udongo husomwa kuanzia kwenye pH, na mistari mingine hufuata.

pH ni kipimo cha uchachu wa udongo. Saba ni katikati. Chini ya hapo udongo ni mchachu, juu ya hapo una magadi au chokaa nyingi. Maboga hupenda pH kati ya 6.0 na 6.8. Tahadhari: namba hizi haziendi kama bei za sokoni. Udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 kuliko wa pH 6, na mara 100 kuliko wa pH 7. pH ikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hushikwa na udongo hivyo mmea hauipati. Zaidi ya hayo, DAP yenyewe huongeza uchachu ikitumiwa mwaka hadi mwaka bila kurekebisha udongo.

Baada ya pH, someni yafuatayo:

1. Kaboni ya mboji. Zidisha namba hiyo kwa 1.72 upate kiasi cha mboji. Kaboni asilimia 2 ni mboji asilimia 3.4 hivi. Ikiwa ndogo, samadi iliyooza na mabaki ya mazao ndiyo dawa.

2. Fosforasi. Angalieni na njia iliyotumika kuipima. Njia ya Bray hutumika kwa udongo mchachu, na ya Olsen hasa kwa udongo wenye pH ya juu. Namba 12 ya njia moja si sawa na namba 12 ya njia nyingine, hivyo msilinganishe karatasi yenu na ya jirani kabla ya kuangalia hilo.

3. Potasiamu, kalsiamu na magnesi. Hivi vitatu husomwa pamoja. Potasiamu ikizidi sana, mmea hushindwa kupata magnesi hata kama imo shambani. Anayemwaga majivu kila wiki akumbuke kwamba majivu huongeza potasiamu na pia hupandisha pH.

4. Uwezo wa udongo kushika virutubisho. Udongo wa mfinyanzi wenye uwezo mkubwa huhitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga, hata kama pH yao ni moja. Kwa hiyo kipimo cha chokaa cha jirani si chako.

Maabara ikishauri chokaa ya kilimo tani 2 kwa hekta, msiogope hesabu. Hiyo ni gramu 200 kwa kila mita moja ya mraba, au kilo 20 kwa kitalu cha mita 10 kwa 10. Magnesi ikiwa chini, tafuteni chokaa yenye magnesi. Ichanganyeni na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, kwa sababu hufanya kazi polepole na huhitaji unyevu.

Karatasi haiwezi kuwa nzuri kuliko udongo uliopelekwa. Chukueni sehemu 15 hadi 20 kwa kupita shamba kwa zigizaga, kina cha sentimita 20. Epukeni kichuguu, zizi la zamani na mahali palipochomwa moto. Changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki, kausheni kivulini, kisha pelekeni nusu kilo yenye jina la shamba. Kwetu huku, TARI Mlingano ipo katika mkoa wetu wa Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro.

Vijana wale waliweka chokaa na samadi, wakapunguza DAP. Msimu uliofuata majani yalirudi kuwa ya kijani na maboga yalitosha kuuza. Deni walimaliza msimu wa pili. Hawakupata boga la kilo elfu, lakini kikundi hakikuvunjika.

Basi nawaomba: kabla ya kukopa fedha za mbolea, changeni kwanza fedha za kipimo. Na karatasi ikija, msiniachie mimi peke yangu niisome. Tuisome pamoja, tukianza na mstari wa pH.