Elimu ya Siasa na Watoto Wetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora



Tumeombwa kusema machache juu ya vijana wetu wamalizao kidato cha sita na kutaka kusoma elimu ya siasa katika Chuo Kikuu. Jambo hili limeleta ubishi katika nyumba zetu. Mtoto asema, "Nataka kusoma siasa." Mzazi, aliyekaa miaka mingi mezani pa serikali, amjibu, "Soma uhasibu, mwanangu, upate kazi, siasa itakuponza." Sisi wenyewe tumesema maneno hayo. Leo twataka kuyapima.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kuwa katika vyama vya siasa. Karani Mwafrika ilimpasa kuchagua: mshahara au chama. Wengi walikuwa na wake na watoto wa kulisha, wakainama juu ya majalada yao wakanyamaza. Wala hatuwalaumu. Lakini amri ile imekwisha kufa zamani, na hofu yake ingali hai, nasi twawarithisha wana wetu.

Tena twachanganya mambo mawili. Kuingia chama ni kushika upande. Kusoma siasa ni kuchunguza pande zote. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam elimu hii husomwa pamoja na utawala wa umma, na shahada yake ni ya miaka mitatu. Mwanafunzi hujifunza katiba, mawazo ya wenye hekima wa zamani na wa sasa, uchaguzi, kazi za serikali, na uhusiano wa mataifa. Tukiyakusanya yote, maswali ni matatu: Nani atawala? Kwa haki gani? Na ni nani wa kumdai hesabu?

Ndugu wanachama, sisi wa Tabora twaweza kuyaona maswali hayo katika njia yetu wenyewe. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, wapagazi wakichukua nguo na ushanga kuja bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi, hasa katika Ugogo, ulitozwa hongo. Mtemi aliidai mbele ya watu, wala hakuna aliyeona haya, maana ilikuwa ushuru wa njia. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo, katika ugomvi wake na Waarabu wa Unyanyembe, aliifunga njia ya Ujiji, na biashara yote ikatikisika.

Leo neno hongo ni lile lile, lakini atakaye kulitaja hunong'ona. Ushuru na rushwa zote mbili ni mali itokayo mkononi mwa raia. Zatofautiana kwa nini? Kwa sheria iliyokubaliwa, kwa risiti, na kwa hesabu isomwayo hadharani. Karani asiyeijua tofauti hiyo aweza kuandika kwa mwandiko mzuri na bado akaiangamiza nchi. Hilo ndilo somo wanalolitaka watoto wetu.

Mfano wa pili ni wa mji huu huu. Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora. Sheria ya uchaguzi ilimtaka kila mpiga kura kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walichukia, wakataka kususa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, na kupata shahada yake Edinburgh mwaka 1952, aliwashawishi wakubali kuingia katika uchaguzi. Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaunda chama chake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 tukapata uhuru. Kupima hoja za pande zote mbili, bila kutukana hata mmoja, ndiyo kazi ya mwanafunzi wa siasa.

Hatutawadanganya: shahada hii haimwahidi mtu kiti. Wapo waliohitimu wakakaa nyumbani. Kwa hiyo kijana na ajifunze pia takwimu, sheria, na kuandika barua iliyonyoka. Hapo aweza kufaa katika halmashauri, ubalozi, gazeti au shule. Lakini atakaye utajiri wa haraka, heri asiguse elimu hii.

Basi, ombi letu ni moja. Mtoto akirudi na fomu yake ya maombi, tusimkemee. Tumwulize atakalo kulijua, tuisome fomu pamoja naye, kisha tumwache achague. Akija siku moja kutudai hesabu sisi tulio ofisini, tusikasirike. Ndiyo faida ya ada tuliyolipa.

Tumekoma hapa.