Mchumba, Mke, Mjane: Kila Jina na Haki Zake

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika waliokutana Masoko, wilayani Rungwe.)

 

Mada yetu leo ni majina tunayowaita wapenzi wetu kabla ya ndoa, ndani ya ndoa na baada ya ndoa. Tumeona baadhi yenu mkitabasamu. Lakini sisi tunaoshughulika na miradi ya ng'ombe wa maziwa, migomba na mikopo midogo tunajua kwamba jina likibadilishwa siku ya msiba, mama aweza kurudi kwao na watoto na kanga zake tu. Ng'ombe aliyemkatia majani miaka yote anabaki, na migomba aliyoipanda inabaki. Kwa hiyo tuyaangalie majina haya kwa makini.

Tuanze na kabla ya ndoa. Mpenzi ni jina la watu wawili, na mara nyingi halina shahidi. Mchumba ni jina la familia mbili: barua ya posa imekwenda, mshenga ametumwa, wazee wamejibu. Katika Injili ya Mathayo tunasoma kwamba Mariamu alikuwa ameposwa tu na Yusufu, wala hawajakaa pamoja, lakini Yusufu alipofadhaika ilimbidi afikirie kumwacha kama mtu anavyomwacha mke. Uchumba wa siku zile ulikuwa na uzito. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiuchukulii kama mchezo. Mtu mzima aliyevunja ahadi ya kuoa au kuolewa hawezi kulazimishwa kufunga ndoa, lakini aweza kudaiwa gharama ambazo mwenzake alizitumia kwa maandalizi.

Siku hizi, hata hivyo, jina hili limevutwa hadi limelegea. Kijana anaishi na binti miaka sita, wana watoto watatu, naye bado anamtambulisha kwa wageni, "Huyu ni mchumba wangu." Binti akilisikia neno hilo anasikia ahadi. Kijana yeye amejiachia mlango wazi.

Sasa tuje ndani ya ndoa. Hapa kwetu Unyakyusa mashahidi wa ndoa walikuwa ng'ombe. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na wazee wetu miaka ya 1930, waliandika kwamba kupelekwa kwa ng'ombe kwa wazazi wa binti ndiko kulikoifanya ndoa itambuliwe. Desturi hiyo ilikuwa na hekima, kwa sababu ukoo mzima ulijua nani ni mke wa nani. Lakini leo ina upande wa pili. Tunasikia ndugu wa mume wakisema, "Huyu si mke, mahari haikuisha." Ndugu zetu, sheria inasema wazi kwamba ndoa iliyofungwa kwa kutimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikukamilishwa. Deni la ng'ombe ni deni la ng'ombe. Halimwondolei mama jina la mke.

Je, na wale wanaoishi kinyumba bila ndoa ya kanisani, ya bomani wala ya kimila? Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinakaribia kusema hivyo hivyo. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, mahakama itaanza na dhana kwamba wameoana kihalali. Dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano ikionekana kwamba mwanamume alikuwa tayari na ndoa ya mke mmoja. Hata ikipingwa, mama huyo bado aweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Hapo ndipo jirani anapokuwa shahidi. Uliyekuwa ukimwita "shemeji" kila asubuhi kisimani, uliyekuwa ukisema "mke wa fulani" ulipotaka kununua maziwa, ulimo ndani ya ushahidi huo. Ila mara nyingi tunaona jambo la kusikitisha. Bwana akifariki, mama aliyeitwa mke kwa miaka kumi anaitwa hawara kabla matanga hayajaanuliwa. Na wanaomwita hivyo ni wale wale waliokula ugali wake.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kuishi bila ndoa ni sawa. Kanisa linawaita watu hao waje wabariki ndoa zao, na tunawaomba wazee wa kanisa waendelee kuwafuata kwa upole. Wala hatumsahau mke wa ndoa ambaye mumewe ana nyumba ndogo. Machozi yake tunayajua. Lakini angalieni pia kwamba majina haya ya kudharau, kimada, nyumba ndogo, yote yanamwangukia mwanamke. Mwanamume aliyeijenga hiyo nyumba ndogo bado tunamwita mzee fulani.

Baada ya ndoa kuna majina mawili makubwa, mtalaka na mjane. Mtalaka limegeuka karibu kuwa tusi, kana kwamba aliyeachika hakufanya kazi yoyote katika nyumba ile. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupata mali ya familia. Kupika, kulea na kufua kulihesabiwa. Aidha, kwa wazazi walioachana, watu wameanza kutumia jina zuri, mzazi mwenzangu. Tunalipenda kwa sababu linakumbusha kwamba watoto hawakupewa talaka.

Mjane kila mtu analijua. Lakini ni wangapi hapa wanatumia neno mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mke? Wachache, kwa maana mwanamume hakai muda mrefu kabla hajaitwa tena bwana harusi. Mjane ndiye anayekaa na jina lake. Zamani alirithiwa na ndugu wa marehemu, na akina Wilson waliliandika hilo pia. Leo sheria inampa mjane uhuru wa kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu amtakaye, hata kama desturi inasema vingine.

Hivyo basi, tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, mnapoandikisha kaya kwa ajili ya ng'ombe au mkopo, waulizeni wote wawili, kila mmoja kwa kinywa chake, "Huyu ni nani wako?" Wakijibu tofauti, hiyo ni kazi ya mchungaji na wazee kabla ya kuwa kazi ya mradi. Pili, andikeni majina yote mawili. Mali ikiandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja, sheria inaanza kwa kudhani kwamba haki zao ni sawa. Tatu, siku ya msiba, mzee wa kanisa asimame mapema na kumwita mama yule jina lile lile alilomwita mumewe alipokuwa hai. Hilo halihitaji bajeti.

Kwenu wafadhili wetu, asanteni kwa ukarimu wenu. Mnapotuuliza ni ng'ombe wangapi wametolewa, tuulizeni pia wameandikwa kwa majina ya nani, na kama majina hayo bado yapo zizini baada ya mazishi.