NYIGU KATIKA BANDA LA ZANA: TUWATAMBUE KABLA YA KUWASHA KIBERITI

(Maneno ya Kamati ya Bustani mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuhudhuria.)



Tumeomba nafasi kwa jambo moja tu. Katika banda letu la zana kule bustanini wamo nyigu. Watu wameanza kuogopa kuingia. Majembe yamelala, ndoo zimelala, na mboga zinataka maji. Wapo wenzetu waliosema: leteni mafuta ya taa na kiberiti, mambo yaishe. Sisi tunasema ngojeni kwanza. Paa lile ni la nyasi, na mbegu za msimu ujao zimo humo humo. Moto hauchagui. Ukimfuata nyigu utapita na kwenye gunia la mbegu.

Basi kwanza tumtambue. Simama mbali hatua kadhaa, usirushe kitu, tazama.

1. Ukiona vijumba vya udongo mkavu vimebandikwa ukutani au kwenye boriti, hiyo ni kazi ya nyigu wa udongo. Huyu hana jeshi. Jike hubeba tope, hujenga chumba, hukijaza buibui aliowadunga wakapooza, hutaga yai, kisha huziba. Mtoto akianguliwa anakuta chakula tayari. Ni nadra sana kumuuma mtu, labda umshike kwa mkono au umkanyage. Huyu tumwache na kazi yake.

2. Ukiona kiota cha kijivu kama karatasi, kimening'inia kwa kikonyo kimoja, na vyumba vyake viko wazi kwa chini, hao ni nyigu wa karatasi. Wana kiuno chembamba na miguu mirefu. Huparua mbao kavu, huzitafuna na mate, wakapata karatasi ya kujengea. Hawa hukaa pamoja, na ukikigusa kiota watakujia.

3. Ukiona wadudu wengi wanaingia na kutoka kwenye tundu moja, na ndani unasikia mvumo, yaelekea hao ni nyuki. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Ondoka polepole, waambie wengine, aitwe mrina asali.

Banda letu lina vijumba vya udongo, na viota viwili vya karatasi: kimoja pembeni kule nyuma, juu kabisa, na kingine juu ya mlango.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Nyigu hana asali, mtasema, sasa ana faida gani? Faida ipo, ndugu. Nyigu wa karatasi huwinda viwavi, huwatafuna, huwapelekea watoto wake. Ni wale wale wanaotoboa kabichi zetu na kula majani ya mahindi. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Tanzania mwaka 2017, kila mkulima anajua kiwavi ni nini. Hatusemi nyigu atatumalizia viwavi. Tunasema anasaidia, wala hadai posho.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi:

(a) Kiota cha nyuma kiachwe. Zana zihamishiwe upande wa mlango, mtu asiwe na haja ya kupita chini yake.

(b) Kiota cha mlangoni kiondolewe, maana kila anayeingia anakaribia kukigusa kwa kichwa au kwa mpini wa jembe. Kazi hiyo ifanywe usiku, wadudu wakiwa wametulia, na mtu mzima aliyezoea, amevaa nguo ndefu na kufunika uso na mikono. Wawamwagie maji ya sabuni, kisha wakiangushe. Aliyewahi kuvimba vibaya kwa kuumwa asishiriki.

(c) Moto usitumike. Dawa ya shambani isipulizwe ndani ya banda, maana mbegu, ndoo na mikono yetu vyote vitaipata.

(d) Watoto wakatazwe kurusha mawe. Jiwe ni la mtoto mmoja, lakini wataumwa wote.

Sasa, mtu akiumwa. Nyigu haachi mwiba kama nyuki, kwa hiyo mmoja anaweza kuuma mara nyingi. Ondoka mahali pale upesi, wala usisimame kupigana nao. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Maumivu na uvimbe mdogo hupungua vyenyewe. Lakini ukiona mtu amevimba uso, midomo au ulimi, anapumua kwa shida, anapata kizunguzungu, au mwili mzima umetoka vipele, msingoje dawa za nyumbani. Mlazeni, na kama kupumua kunamsumbua mwacheni aketi, kisha mpelekeni kituo cha afya saa ile ile, hata kama ni usiku. Ni hatari ya dakika, si ya siku. Aliyeumwa mara nyingi kwa pamoja, au mdomoni au kooni, naye apelekwe.

Ndugu zetu, hayo ndiyo tuliyo nayo. Banda ni letu sote na mbegu ni zetu sote. Mwenye neno alilete mkutanoni, tuamue pamoja, asije mtu akaamua peke yake kwa kiberiti.



Kamati ya Bustani