SENSA YA NJE: PIMA KWANZA, NDIPO ULAUMU BODI

Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa mitambo ya baridi, Mombasa. Twaipiga chapa kwa maombi ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.



Nimeombwa niseme juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa haragwe, lakini kitu hicho kimewatoa watu jasho kuliko kompresa. Ni ile sensa ya joto iliyoko katika sehemu ya nje ya mashine ya kupoza hewa. Sensa hii si ile ya Serikali ya kuhesabu watu, ijapokuwa nayo kazi yake ni kutoa habari, na habari ikiwa ya uongo mipango yote huharibika.

Mashine za siku hizi za aina ya inveta kwa kawaida huwa na sensa tatu huko nje. Moja hupima hewa, nayo hukaa upande wa nyuma ambako hewa huingia, imeshikwa na kibanio cha plastiki mbele ya mapezi ya koili. Ya pili imefungwa kwenye bomba la koili yenyewe. Ya tatu iko kwenye bomba la moto litokalo katika kompresa. Leo nasema hasa juu ya ile ya kwanza, lakini njia ya kuzipima ni moja.

Ndani ya sensa mna themista. Joto likipanda, ukinzani wake hushuka. Joto likishuka, ukinzani hupanda. Bodi hupitisha volti chache hapo, mara nyingi 5, nayo husoma volti hizo na kuzigeuza kuwa digrii. Bodi haina macho wala ngozi, yaamini tu yale iletewayo na waya. Waya ukikatika, bodi yadhani nje kuna baridi kushinda kilele cha Mlima Kenya. Waya mbili zikigusana, yadhani nje kunawaka moto. Hali hizo mbili haziwezekani, na bodi yajua hivyo, kwa hiyo huandika alama ya kosa. Kwa Daikin utaona H9, kwa Gree F3, kwa LG 44.

Taabu kubwa ni hali ya tatu, pale sensa isemapo uongo unaosadikika. Hapo hakuna alama yo yote. Sisi watu wa pwani twaijua chumvi. Chukua sensa ya omu 10,000. Hewa ikiwa digrii 32, sensa hiyo yapasa kuonyesha kama omu 7,400. Kutu ya kijani kwenye plagi ikiongeza omu 2,000 tu, bodi itasoma kama digrii 26. Katika mashine nyingi mwendo wa feni ya nje hufuata habari hiyo, basi feni yaweza kupunguzwa mwendo mchana wa Machi, na gesi ndani ya koili ikazidi kupanda moto. Mwenye nyumba atasema gesi imekwisha, na fundi mwenye haraka ataongeza gesi. Sasa kuna makosa mawili badala ya moja.

Kabla ya kupima, nasema neno moja kwa wale vijana wanaojifunza, na wazee walisikie pia. Zima swichi ya mashine, ifunge, kisha ungoje. Kapasita za bodi ya nje hukaa na volti 300 na zaidi baada ya umeme kuzimwa. Soma kibandiko cha mashine kitakuambia dakika ngapi. Mimi hungoja 10, na baada ya hapo napima kwa mita kabla ya kutia mkono. Tena kuna jambo ambalo wengi hawakufundishwa. Zile volti 5 za sensa, katika bodi nyingi za nje, hazikutengwa na umeme mkubwa wa volti 240. Ukizipima kutoka waya mmoja hadi wa pili mita itaonyesha 5, lakini ukiushika waya huo huku mguu wako u juu ya saruji yenye maji, ni mamoja na kushika laini ya Kenya Power. Kwa sababu hiyo sensa haichomolewi wala haichomekwi umeme ukiwa umewashwa, hata msimamizi akipiga kelele namna gani kwamba ofisi ya meneja ina joto.

Haya, mashine imezimwa. Tazama kwanza kwa macho. Panya hupenda waya hizi nyembamba, na mijusi hufa juu ya bodi. Tazama kama sensa imo katika kibanio chake, maana ikianguka ikalala juu ya bomba itapima joto la bomba na kuliita joto la hewa. Tazama pia mahali mashine ilipowekwa. Nimekuta uchochoro wenye mashine sita zinazopulizana moto usoni, na sensa ikisoma digrii 48. Sensa ile ilisema kweli tupu! Hewa pale ilikuwa 48. Dawa yake ni kuhamisha mashine, au kuzigeuza ili moto utoke nje ya uchochoro.

Kisha chomoa plagi kutoka kwenye bodi, uweke mita kwenye omu, upime ncha mbili za waya wa sensa. Usipime plagi ikiwa ingali imechomekwa, kwa kuwa utaipima bodi pamoja na sensa na hesabu itakudanganya. Weka kipima joto cha kawaida kando ya sensa, kivulini, ungoje kidogo. Ndipo ulinganishe na jedwali la mwenye kuitengeneza mashine. Sensa hazilingani. Daikin nyingi ni omu 20,000 kwa digrii 25, Gree hutumia 15,000 kwa sensa ya hewa ya nje, na mashine nyingine nyingi ni 10,000. Kuna watu huchukua sensa ya mashine hii wakaitia ile kwa kuwa plagi imeingia. Ukitia ya 10,000 mahali pa 20,000, siku ya digrii 25 bodi itaona zaidi ya 40, nayo yaweza kuizuia kompresa kwenda mbio. Hapo hakuna alama ya kosa, kuna malalamiko tu.

Kama huna jedwali, barafu yatosha. Ponda barafu, tia maji kidogo katika kikombe, koroga. Hapo ni digrii 0. Ifunge sensa kwa mfuko wa plastiki, uitumbukize. Ya omu 10,000 itapanda mpaka kama 30,000 au zaidi kidogo. Itoe, uishike katika kiganja, nayo itashuka polepole bila kurukaruka. Mita ikiruka, tikisa waya kuanzia kichwani hadi kwenye plagi. Mahali inaporukia ndipo waya ulipovunjika ndani ya ngozi yake. Maji ya moto si ya lazima, na anayetaka kuyatumia akumbuke kwamba Nairobi maji huchemka karibu digrii 94, si 100 kama hapa kwetu.

Sensa ikiwa nzima, na alama ya kosa haiondoki, ndipo tuigeukie bodi. Chukua rezista ya omu ile ile ya sensa katika digrii 25, yenye bei ya shilingi chache, uichomeke mahali pa sensa umeme ukiwa umezimwa, ufunge kifuniko, ndipo uwashe. Alama ikitoweka, kosa li katika sensa, plagi au waya. Ikibaki, bodi haisomi tena, na sasa waweza kuomba bodi mpya bila haya. Lakini rezista hiyo itolewe baada ya kupima! Wako wanaoiacha humo na kwenda zao. Kwa sensa ya hewa, mashine itaamini kwamba ni digrii 25 usiku na mchana. Kwa sensa ya bomba la moto ni kuiua kompresa, kwani mlinzi wake amefumbwa macho.

Sasa nije kwenye sababu iliyofanya jambo hili liletwe katika mkutano wa chama badala ya kubaki karakana. Mwenzetu mmoja alitumwa kutazama mashine yenye alama ya sensa ya nje. Msimamizi aliamuru kwa simu bodi ibadilishwe, ikabadilishwa, na alama ikarudi siku ile ile. Mwajiri, ambaye sitamtaja, akasema fundi ameiunguza bodi na atakatwa mshahara kwa miezi minne. Chama kiliomba jambo moja tu, sensa ipimwe mbele ya watu wote. Ilipimwa, mita haikuonyesha kitu, na waya ulikutwa umetafunwa nyuma ya kibanio. Bodi zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa nzima. Makato yalifutwa, lakini mwezi wa kwanza mtu yule alikuwa amekwisha kukatwa, na karo ya watoto haikungoja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibiwa kwa kusudi la mfanya kazi. Waya uliotafunwa na panya si kusudi la mtu. Lakini mbele ya meza ya mwajiri maneno matupu hayana nguvu kama hesabu iliyoandikwa. Kwa hiyo andikeni katika kadi ya kazi: saa, alama ya kosa, digrii za kipima joto, omu za sensa, na jina la aliyeamuru kipuri kibadilishwe. Mistari mitano. Mwenzetu alikuwa hakuandika kwa sababu kadi haina nafasi ya hayo, nasi tumekwisha kuomba kadi ziongezwe nafasi. Mpaka hapo andikeni kwa nyuma, na mpige picha kwa simu kabla ya kuirudisha ofisini.

Bwana Katibu ameleta barafu, na hapa mezani nina sensa tatu ambazo moja ni mbovu. Wenye mita wasogee mbele.