Paka wa Lusahunga na kisu cha daktari

Msikilizaji, pale Lusahunga wilayani Biharamulo, kwenye njia ya malori yaendayo Rusumo, paka hafugwi kwa pambo. Analinda gunia la mahindi. Basi swali hili ni la kaya nyingi: paka aliyekwama kuzaa mara iliyopita, na sasa anashukiwa kuwa na mimba, afungwe kizazi au aachwe azae?

Mimi nasema afungwe, na mapema. Mimba ya paka huchukua takriban siku 63, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Ukisema "ngoja kwanza", umeshachelewa. Kuanzia wiki ya 3 hivi, daktari akipapasa tumbo taratibu huweza kuhisi vivimbe kama gololi. Hata hapo upasuaji unawezekana, ila mishipa ya damu ya kizazi imeshanenepa, hatari ya kuvuja damu imepanda, na vitoto ndiyo basi tena. Inauma, tusifichane. Lakini paka anayesukuma usiku kucha bila kitoto kutoka, daktari yuko mbali, huumia zaidi.

Kazi hiyo ya upasuaji haifanywi na kila mwenye bomba la sindano. Ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Anzia kwa afisa mifugo wa kata, akuelekeze. Mweleze yote: alikwama lini, vilikufa vingapi. Na tafadhali, paka akilia kwa maumivu usimpe parasetamoli. Inaua paka.