Shaba Iliyomo Majini



Nimetakiwa nizungumzie kazi yangu ya kupima maji serikalini. Naomba tuanzie Chingola, nchini Zambia. Hapo Nchanga mabaki ya mawe yaliyosagwa yalikuwa yakitupwa yangali na shaba. Mwaka 1974 kiwanda kilianza kuyaosha kwa asidi ya salfuriki. Shaba ikayeyuka, lakini ilikuwa gramu chache tu katika kila lita, tena imechanganyika na chuma. Utaitoaje?

Walitumia mafuta ya taa yaliyotiwa dawa ya jamii ya oksimu. Maji na mafuta hukorogwa pamoja, kisha huachwa yatulie, mafuta yakaelea. Dawa hukamata shaba na kuachia asidi majini. Chuma karibu chote hubaki chini. Baadaye mafuta hayo hukorogwa na asidi kali, yakaitapika shaba katika maji machache, na umeme ukaigandisha kuwa mabamba safi. Mafuta hurudi kazini. Kijana mmoja aliniuliza asubuhi kwa nini dawa ishike halafu iachie. Ni asidi, bwana mdogo! Ikiwa kidogo hushika, ikizidi huachia. Ni mizani ile ile ya kidato cha tatu.

Sasa, tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki ya mgodi huko Chambishi lilibomoka. Maji ya asidi na metali yakaingia kijito kiendacho mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Rafiki yangu akauliza: mbona wasiyakamue kwa mafuta?

Swali hilo liliniuma kidogo, kwani katika ripoti yangu ya kwanza kazini nilipendekeza jambo hilo hilo kwa kijito kimoja. Mkuu wangu aliandika pembeni: "Na mafuta yatakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Shaba ikishakuwa miligramu chache kwa lita, matone ya mafuta yanayopotelea majini hugharimu kuliko shaba yenyewe, nayo huwa uchafu mpya. Kule Kafue serikali ilimwaga chokaa, hata kwa ndege. Chokaa huua asidi na kuzamisha metali ziwe tope. Shaba hiyo huipati tena, lakini watu wanasubiri maji.

Mwalimu wa kemia ameniruhusu maabara kesho saa tatu asubuhi. Nimekuja na chupa mbili na dawa kidogo. Atakayetaka kukoroga mwenyewe aje.